Tyyne na Puolukka za Palokangas

Tyyne Heikura alikuwa mtu wa kupenda kimya. Alizaliwa mwisho kabisa wa barabara, mahali ambapo baada ya nyumba yao hapakuwa na kitu tena ila misonobari mpaka mpakani mwa Finland, na tangu utotoni alizoea siku nzima kupita bila mtu kusema zaidi ya "leta kuni" na "kahawa tayari". Alipoolewa na Oiva Heikura wa kijiji cha Korpivaara alidhani amepata mwenzake, kwa kuwa Oiva naye hakuwa msemaji. Asilolijua ni kwamba akimchukua Oiva anamchukua na dada yake.

Lahja, dada huyo, alikuwa mjane asiye na mtoto, na alikaa katika kijumba kilichokuwa upande wa pili wa ua. Mdomo wake ulifunguka asubuhi pamoja na mlango wa jiko na kufungwa usingizi ulipomshinda. Alijua nani kakosana na nani, nani kanunua pazia jipya, mchungaji kakohoa mara ngapi katika mahubiri. Tyyne alimpenda kama mtu anavyopenda redio ya jirani: akiikosa ataiulizia, ikiwaka anafunga dirisha.

Septemba ilipoingia wawili hao walikuwa wakienda msituni pamoja kuchuma puolukka. Mmea wenyewe ni mfupi, haufiki hata nusu ya muundi, na majani yake madogo, magumu, yanayong'aa hubaki ya kijani hata chini ya theluji. Vitunda vyake ni vyekundu na vikali vya kukunja uso. Korpivaara hakuna aliyeingia kipupwe bila pipa la puolukka kwenye ghala la chini ya ardhi. Walizitia katika maji matupu, bila chembe ya sukari, zikakaa mpaka majira mengine bila kuoza, kwa kuwa ukali wake wenyewe ndio unaozilinda. Maini ya kukaanga yalikuwa hayaendi mezani bila hizo, wala soseji za damu, na mtu akishikwa na homa alipewa maji yake ya moto anywe akiwa chini ya blanketi.

Mwaka huo, na ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, habari za dubu zilianza mapema. Asubuhi moja Lahja aliingia jikoni kwa Tyyne bila kubisha, akajimiminia kahawa.

"Umesikia? Nyuma ya shamba la kina Kinnunen wamekuta mavi ya dubu katikati ya njia. Mekundu, wifi! Puolukka tupu. Yaani anakula chakula kile kile chetu, sema tu hana sahani."

"Dubu wapo kila mwaka," Tyyne alisema.

"Wapo, lakini huyu yuko karibu. Leo twende wawili, na mimi nitaimba njia nzima. Wanaogopa sauti."

"Sauti yako hata mimi naiogopa."

Oiva, aliyekuwa anafunga kamba za viatu kwenda kazini kwake kukata miti, alicheka chini kwa chini.

"Cheka tu," Lahja alimwambia. "Siku dubu akimla mkeo utakuja kula kwangu, na uji wangu unajua ulivyo na mabonge."

Siku nyingine Tyyne angecheka naye. Lakini tangu Jumapili Lahja alikuwa anamweleza habari za mapazia ya kanisa, yapi yashonwe upya, nani alipendekeza rangi gani na kwa nini yule ni mjinga, na kichwa cha Tyyne kilikuwa kinagonga.

"Wifi, leo niache niende peke yangu," alisema. "Siku moja tu, nisikie miti."

Lahja alimaliza kahawa yake. Aliweka kikombe chini. "Haya. Nenda ukasikie miti. Mimi mdomo wangu nitaukalia hapa hapa."

Tyyne alikanda unga wa mkate, akauacha uumuke chini ya kitambaa, akachukua ndoo mbili za bati na kile kichumio cha meno ya chuma kama kitana, akaenda.

Palokangas ni mwinuko wa mchanga uliowahi kuungua zamani, ndiyo maana misonobari yake imeachana na jua linafika chini. Asubuhi hiyo puolukka zilikuwa zimefunika ardhi, vishada kwa vishada, na umande bado juu yake. Tyyne aliinama akaanza. Mwanzoni matunda yalipiga kelele yakianguka kwenye bati, kisha ndoo ilipopata tandiko sauti ikalainika, ikawa kama mvua ndogo kwenye majani. Hicho ndicho kimya alichokuwa anakitaka, nacho kwa muda kilimtosha.

Ndoo ya kwanza ilipojaa alisogea mbele kidogo, na hapo akaona mahali palipolaliwa. Vichaka vilikuwa vimebonyea kama mtu mnene ameviringika juu yake, matunda yamenyofolewa pamoja na majani, na kichuguu cha sisimizi kando yake kimefukuliwa mpaka ndani, sisimizi wenyewe bado wanahangaika kukimbiza mayai yao.

Tyyne alisimama. Sisimizi wakihangaika hivyo, jambo lenyewe halijapoa.

Alijiambia: nitajaza nusu tu ya hii ya pili. Kisha akajiambia: hapana, naondoka. Lakini mikono yake iliendelea kuchuma, kama mikono ya mtu anayejifanya hajaona, na masikio yakabaki yameelekea nyuma. Kimya kilikuwa kimebadilika. Ndege waliokuwa wakilia hawakulia tena. Alitaka kupiga mbinja, midomo ikawa mikavu. Alitaka kukohoa, akaona kikohozi kitasikika mbali mno. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu aolewe akatamani kusikia habari za mapazia.

Kitu cheusi kilisogea nyuma ya kisiki. Alidhani ni mbwa wa kina Kinnunen.

"Musti?" aliita kwa sauti ya chini. "Musti, njoo."

Kitu kile kilisimama kwa miguu miwili kikamtazama. Kilikuwa na masikio ya mviringo na kifua chenye doa jeupe. Cha pili, ambacho hakuwa amekiona, kilirukia msonobari kikaanza kupanda, kucha zikikwaruza gome.  Watoto wa dubu wako mbele yangu, Tyyne aliwaza, sasa mama yuko wapi?

Jibu lilitoka nyuma yake: pumzi nzito ya puani, na meno yakigonganishwa.

Marehemu baba yake alimfundisha kwamba dubu hakimbiwi, mtu analala kifudifudi na kufunika kisogo kwa mikono. Tyyne alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, ila miguu haikumngoja. Ilikimbia, ikajikwaa kwenye mzizi, akaanguka na uso kwenye kuvumwani, na hapo akakumbuka kuweka mikono kisogoni. Uzito ukamfika. Meno yakaingia begani. Hakusikia maumivu, alisikia sauti tu ndani ya mwili wake, kama mtu anavunja kijiti chumba cha pili. Na alisikia harufu. Hiyo ndiyo haikuja kumtoka: harufu kali yenye utamu, ya puolukka zilizopondeka, ikitoka katika kinywa cha mnyama. Ilikuwa harufu ya ghala lake mwenyewe.

Kisha meno yakaachia. Dubu alibaki amesimama juu yake, akivuta pumzi. Unyevu ulimdondokea shingoni. Tyyne hakupumua. Jani moja la puolukka lilikuwa limemchoma pembeni mwa jicho, na alilala akilitazama, ukingo wake uliokunjika, vidoa vidogo vyeusi mgongoni mwake, akijiambia kwamba maadamu analiona jani hili yeye bado hajafa.

Dubu akaondoka hatua chache. Ndoo ikaanguka, bati likalia kwenye jiwe. Kisha ukaanza mlio ambao Tyyne hakuuelewa mara moja: mkwaruzo, kulamba, na jino likigonga chuma. Alikuwa anakula. Alikuwa anakula puolukka zake ndani ya ndoo, karibu kabisa na kichwa chake, taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa. Mlio ule ulikwenda, ukakatika, ukarudi. Kila ulipokatika Tyyne alijua anatazamwa. Aliwaza unga wake wa mkate, kwamba sasa umefurika umemwagika mezani, na Oiva hatajua kuukanda upya.

Akiwa hapo akasikia sauti kwa mbali, ikiimba wimbo wa kanisani kwa noti zisizo zake. Ikakaribia, ikaacha kuimba.

"Tyyne! We Tyyne! Nimekuletea kahawa! Usije ukasema wifi yako ana kinyongo!"

Jino likaacha kugonga bati.

Njia aliyokuwa anaijia Lahja ilipita chini ya ule msonobari aliopanda mtoto wa dubu. Angeendelea hatua kidogo tu angesimama katikati, mtoto juu yake na mama mbele yake, na hakuna mahali pabaya kuliko hapo. Tyyne alilijua hilo lote bila kuinua kichwa. Alijua pia kwamba akinyamaza dubu atamwacha yeye. Wazo hilo lilimpitia mbio mbio na likamtisha kuliko meno. Alifungua kinywa, hakikutoka kitu.  Alijaribu tena, na safari hii sauti ikatoka, haikuwa yake, ilikuwa kama mlio wa mbuzi.

"Dubu! Lahja, dubu! Rudi!"

Mnyama akamrudia. Mguu mmoja ulimkandamiza mgongoni mpaka hewa yote ikamtoka, na dunia ikawa nyembamba, ikabaki lile jani tu.

Lahja hakurudi. Alikuja mbele akigonga birika la kahawa kwa kifuniko chake, kahawa ikimmwagikia mikononi, akitoa matusi ambayo hakuna mwanakwaya aliyewahi kusikika akiyatamka.

"Toka hapo, shetani mkubwa wewe! Toka juu ya wifi yangu! Nitakuchuna ngozi nikutandike kitandani! Mla ndoo za watu wewe! Toka!"

Dubu alisimama kwa miguu miwili. Lahja baadaye alisema alikuwa mrefu kama mlango wa kanisa, na mara hii hakutia chumvi nyingi. Wakatazamana. Birika likaendelea kugongwa. Kisha mnyama akashuka, akatoa mlio mfupi wa kuita, mtoto akateremka msonobarini akikwaruza gome, na wote watatu wakaingia kati ya miti. Matawi yakasikika, yakasikika kidogo, yakanyamaza.

Lahja alipiga magoti. Uso wake haukuwa na rangi.

"Uko hai? Tyyne? Usife, nakuomba, usife ukaniacha na Oiva peke yangu."

"Niko hai."

"Bega lako. Mungu wangu, bega lako." Alivua kitambaa cha kichwa akamfunga, fundo likamponyoka mara mbili. "Simama. Egemea hapa. Twende."

Safari ya kurudi ndiyo Tyyne aliyoiota zaidi baadaye. Kila kisiki kilikuwa na masikio. Kila upepo ulikuwa unavuta pumzi. Na Lahja alikuwa kimya. Sasa kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kutukana, hofu ilikuwa imemfikia na yeye, akawa anatembea amekaza taya, macho yanaruka huku na huku.

"Sema, wifi," Tyyne alisema.

"Niseme nini?"

"Chochote. Usinyamaze tu."

Lahja alimshika vizuri kiunoni. "Maini," alianza kwa sauti ya kutetemeka, "maini yasikaangwe muda mrefu. Watu wanayakausha yanakuwa kama soli ya kiatu. Na yale mapazia... yale mapazia mimi niliwaambia rangi ya kijani. Niliwaambia..." Akaendelea hivyo mpaka wakaliona paa la nyumba, akilia huku anasema, na Tyyne akiitikia "ehe, ehe" kila baada ya hatua.

Kwenye kituo cha afya walimshona. Mkono wake wa kushoto haukupanda tena juu ya sikio. Wanaume wa Korpivaara walichukua bunduki na mbwa wakazunguka Palokangas na kinamasi kilicho nyuma yake, wakarudi mikono mitupu.

"Amevuka mpaka," Oiva alimwambia mkewe. "Huyo harudi."

"Nani kakwambia harudi?"

 Oiva aliinama kuvua buti zake.

Bega lilipona kwa kiasi chake, lakini hofu haikupona. Ilianza kwa msitu, ikasogea. Kwanza Tyyne aliacha kupita nyuma ya ghala la nyasi, kisha akashindwa kwenda peke yake kwenye choo cha nje, akawa anamwita Oiva asimame mlangoni. Jumamosi kwenye sauna, kile chumba cha kuogea kwa mvuke, aliketi upande unaotazama mlango, na mtu akimwaga maji kwenye mawe na mvuke ukafoka, yeye alikuwa amekwisha inuka. Oiva alivumilia. Mwaka wa pili uvumilivu ukapungua.

"Tyyne, mimi nasimama kwenye baridi nakusubiri ukojoe," alisema siku moja. "Tutakuwa hivi mpaka lini?"

"Nenda ndani basi."

"Nikienda utatoka mbio suruali ikiwa magotini."

"Basi usiende."

Dukani kulikuwa na mzee mmoja, Ananias, mtu wa kupenda kuchekesha wenzake, aliyemwita Tyyne bibi harusi wa dubu. "Mwenzio hajakuandikia?" alimwuliza mbele ya watu. Tyyne aliweka kapu chini akatoka. Lahja, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alibaki.

"Ananias," alisema, "wewe hata kuku wako wakikukimbilia unaingia ndani. Siku utakayolaliwa na kitu kizito kuliko blanketi, njoo tuzungumze."

Watu walicheka na jina lile halikusikika tena dukani. Lakini Tyyne hakuwepo kuyasikia, na aliendelea kutuma wengine wamnunulie chumvi.

Jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa puolukka zenyewe. Lahja alichumia nyumba zote mbili, akijiunga na kundi la wanawake wa kanisa, akaleta ndoo, wakazitia pipani. Tyyne hakuweza kushuka ghalani. Akifungua tu mlango, ile harufu kali tamu inapanda ngazi, shingo inamlowa, anasikia pumzi. Oiva alikula maini yake na mchuzi mtupu asilalamike.

Krismasi moja binti yao Sirkka, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Sweden, alirudi nyumbani na ombi lake moja. "Mama, nipigie ule uji wa puolukka. Huko sijaupata ulio kama wako."

Uji huo huchemshwa kwa maji ya puolukka na unga wa ngano, ukaachwa upoe nje kwenye theluji, kisha ukapigwa na kupigwa mpaka unakuwa povu zito la rangi ya waridi. Tyyne hakutaka kumnyima mtoto. Aliziba pua, akapumua kwa kinywa, akachemsha. Alianza kuupiga. Kijiko cha chuma kiligonga sufuria, kikakwaruza, kikanyamaza alipobadilisha mkono, kikagonga tena. Ilikuwa mchana, taa imewaka, binti yake anakata mkate nyuma yake. Na Tyyne alikuwa tena ardhini, na jino liko ndani ya bati.

Sirkka alimkuta chini ya meza, amefunika kisogo kwa mikono.

"Mama! Mama, ni mimi! Kuna nini?"

"Amekwenda?" Tyyne aliuliza.

"Nani, mama?"

Hakuna aliyekula uji siku hiyo. Sirkka alitaka mama yake apelekwe kwa daktari wa mjini, na Tyyne alikwenda, akapewa vidonge vilivyomfanya alale mchana na kuamka na hofu ile ile, ila sasa akiwa mzito. Aliviacha.

Aprili iliyofuata Lahja aliugua kibofu. Alikuwa akienda chooni na kurudi na kwenda tena, analia kwa maumivu, homa juu. Kituoni walimpa dawa na homa ikashuka, lakini ule mchomo ulibaki, na Lahja akashikilia kwamba anachotaka ni chai ya majani ya puolukka kama alivyokuwa akipikiwa na mama yake. Akiba ya majani aliyokausha ilikuwa imekwisha.

"Oiva akirudi jioni nitamtuma," Tyyne alisema, ameketi ukingoni mwa kitanda chake.

"Oiva? Oiva atakuletea majani ya kitu kingine. Mwanamume hajui jani." Lahja aligeukia ukutani. Alikuwa amekonda. Alinyamaza muda mrefu, na Tyyne, mpenda kimya, akashindwa kukivumilia.

Alichukua kapu dogo. Hakumuaga mtu.

Aprili theluji huyeyuka kwanza chini ya nyaya za umeme, kwa kuwa pale msitu umekatwa upana wa barabara kubwa na jua linapiga wazi. Ni mwendo mfupi kutoka uani. Lakini Aprili pia ndiyo dubu wanatoka mapangoni na njaa ya kipupwe kizima, na hilo kila mtu wa Korpivaara analijua. Tyyne alitembea akigeuka nyuma kila hatua, kapu likigongana na paja. Theluji ya pembeni ilikuwa na alama. Akasimama. Zilikuwa za sungura. Aliziinamia akahakikisha, akahakikisha tena, bado hakuziamini.

Kwenye mwinuko wa kwanza chini ya nyaya, theluji ilikuwa imerudi nyuma ikaacha kipande cha ardhi, na pale puolukka zilikuwepo, ngumu, kijani, zinang'aa maji, kama hazijapitia kipupwe. Alipiga magoti. Akachuma jani la kwanza, la pili. Ukingo uliokunjika, vidoa vyeusi mgongoni. Moyo ulikuwa unampiga masikioni hata asingesikia kitu kikija.

Na kitu kikaja. Kando yake, kutoka chini ya msonobari mdogo, kitu kikubwa cheusi kililipuka kwa kishindo kikampita usoni. Tyyne alianguka kifudifudi, mikono kisogoni, na maji ya moto yakamshuka mapajani. Alingoja uzito. Alingoja meno.

Haukuja. Aliposubiri mpaka baridi ikaanza kumwingia, aliinua uso. Juu ya nguzo ya umeme alikuwa ametua jogoo wa msituni, yule mkubwa mweusi, anatikisa mbawa na kumtazama kwa jicho moja kama aliyeudhiwa.

Tyyne alilia hapo. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshalowa na majani yalikuwa mbele yake, akaendelea kuchuma. Alianza kusema kwa sauti, yeye asiyezoea kusema: "Mimi niko hapa. Nachuma majani. Ya wifi yangu. Anaumwa. Mimi niko hapa, msije." Alirudia maneno hayo mpaka kapu lilipojaa, na akarudi nyumbani akiyasema, na sauti yake ilitetemeka tangu mwanzo mpaka mwisho.

Alichemsha majani, akapeleka kikombe kwa Lahja.

"Nani kaenda?" Lahja aliuliza akinusa.

"Mimi."

Lahja alijiinua kwa kiwiko. Alitazama uso wa wifi yake, kisha sketi yake.

"Nimejikojolea, wifi," Tyyne alisema. "Ndege kaniruka. Nimejikojolea kama mtoto."

Lahja alijisogeza ukutani kumpa nafasi. "Basi tumekuwa wawili," alisema. "Leta na wewe kikombe."

Walicheka mpaka Lahja akashika tumbo na kuomba wasicheke tena kwa kuwa panauma. Chai ilikuwa chungu. Kama ni hiyo iliyomponya au ni dawa za kituoni, kila mmoja alikuwa na maoni yake, na Lahja alikuwa na maoni marefu zaidi.

Nisiwadanganye kwamba hofu ilimwisha Tyyne siku hiyo. Haikumwisha mpaka alipozikwa. Hakukanyaga tena Palokangas, na sauna aliendelea kuketi akitazama mlango. Ila Septemba iliyofuata alichukua ndoo, ya plastiki safari hii, akasimama mlangoni kwa Lahja na kusema atakwenda mpaka chini ya nyaya, si zaidi, na Lahja aje naye. Ghalani alishuka mwaka mmoja baadaye, akiwa amefunga pua kwa kitambaa. Uji hakuupiga tena. Sirkka alijifunza kuupiga mwenyewe, kwa kijiko cha mbao, mama yake akiwa chumba kingine na redio imefunguliwa.

Chini ya nyaya puolukka ni ndogo, jua linazikausha, na waya hulia kukiwa na unyevu. Lahja alikuwa akilalamika kila mwaka.

"Pale nyuma ya kile kilima, wifi, hatua chache tu, zimejaa kama shanga. Nitaimba."

"Imba ukiwa hapa."

"Hizi za hapa ni kama macho ya panya!"

"Zitatosha," Tyyne alisema, akitazama kushoto, akitazama kulia, kisha akainama.

Lahja akavuta pumzi, akaanza kumweleza habari za mchungaji mpya.